Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga: azola haikai ghalani, tunaomba mabwawa ya mbegu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Korogwe, Muheza na Pangani,
Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kituo cha Mlingano (TARI Mlingano),
Ofisi ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji mkoani Tanga.

YAH: MBOLEA YA KIJANI KATIKA MAJARUBA YA MPUNGA

Waheshimiwa,

Mpunga una siku zake za kula. Urea ikichelewa mpaka mpunga ukamaliza kutoa machipukizi, idadi ya masuke imeshapangwa, na mfuko utakaofika baada ya hapo hauwezi kuiongeza. Kila mkulima wa Mombo, Magoma na Mkomazi analijua hilo. Ruzuku ya mbolea imesaidia wengi, na barua hii haiombi iguswe. Inaomba kitu cha kukaa kando ya urea: azola, kangaga dogo linaloelea juu ya maji, linalopata naitrojeni yake kutoka hewani na kuiachia udongo likichanganywa na tope.

Faida za azola zimeshasemwa katika semina nyingi. Kisichosemwa ni sababu ya kushindwa kwake. Azola hupandwa kwa mmea wenyewe ulio hai. Haikaushwi ikafungwa kwenye gunia, haikai ghalani ikisubiri msimu, na haivumilii jaruba kavu hata siku chache. Mkulima akigawiwa ndoo mbili mwezi wa nne, kufikia kiangazi zimeshakufa, na msimu unaofuata hana pa kuanzia. Kwa hiyo tunachoomba ni mabwawa madogo ya mbegu yanayotunzwa mwaka mzima katika kila skimu, na ratiba ya maji inayoipa azola muda wa kukua. Vitu hivyo viwili viko mikononi mwenu. Mengine mkulima atayafanya mwenyewe.

Tueleze kwanza inavyofanya kazi, maana hesabu zote zinatoka hapo. Kila jani la azola lina sehemu mbili. Ya chini imelala majini, na ya juu ina uwazi mdogo ndani yake. Katika uwazi huo huishi bakteria wa kijani-buluu aitwaye Anabaena azollae. Baadhi ya seli zake zina kuta nene zinazozuia oksijeni, kwa sababu kimeng'enya kinachoshika naitrojeni huharibiwa na oksijeni. Bakteria humpa mwenyeji wake naitrojeni, naye hupewa sukari na makazi. Hata azola inapotoa chembe zake ndogo za uzazi, bakteria husafiri nazo, hivyo hakuna haja ya kumnunua wala kumpandikiza upya. Wakulima wa kaskazini mwa Vietnam, hasa eneo la Thái Bình, na wale wa kusini-mashariki mwa China wameitumia kwa karne nyingi. Hapa kwetu, Gregory Wagner wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1997 mapitio mapana ya utafiti wa dunia nzima kuhusu mmea huu. Elimu tunayo nyumbani muda mrefu.

Sasa hesabu. Utando kamili wa azola, ule unaofunika maji mpaka huyaoni, una uzito wa kilo 1.5 hadi 2 kwa mita ya mraba, yaani tani 6 hadi 8 mbichi kwa ekari. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Kinachobaki kikikauka kina naitrojeni ya asilimia 3 hadi 5. Ukifanya hesabu kwa tahadhari, utando mmoja una kilo 12 hadi 16 za naitrojeni kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Basi utando mmoja uliochanganywa vizuri ni sawa na nusu ya mfuko au zaidi kidogo. Naitrojeni hiyo haitoki yote mara moja. Sehemu kubwa hutoka ndani ya wiki sita hivi, na iliyobaki hukaa kwenye udongo kwa msimu unaofuata. Anayesema azola inafuta urea yote anawadanganya wakulima. Mkulima anayelenga kilo 40 za naitrojeni kwa ekari atapata karibu theluthi kwa utando mmoja, na nusu au zaidi akiweza kuotesha mara mbili katika msimu. Kwa kaya yenye ekari moja, hiyo si pungufu ya kudharau.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Mchana wa jua kali, mwani wa kawaida hufanya maji ya jaruba yawe na magadi, na urea iliyomwagwa juu yake hugeuka amonia na kupaa. Harufu ile kali inayosikika siku mbili tatu baada ya kumwaga urea ni fedha ya mkulima inaondoka. Utando wa azola hukinga maji na jua, magadi hayapandi sana, na urea nyingi zaidi hubaki kwenye jaruba. Magugu mengi yanayoota chini ya maji nayo hukosa mwanga. Kuhusu mbu, wanapungua pale tu utando unapofunga maji yote bila pengo. Kwa hiyo tusiitangaze azola kama kinga ya malaria.

Bwawa la mbegu ni kazi ya siku moja kwa watu wanne. Chimbeni au inueni kingo upate mita 10 kwa 2, kina cha sentimita 25. Udongo wa kichanga utandikiwe turubai la plastiki, ule wa mfinyanzi ushindiliwe tu. Weka kilo 60 za udongo uliochekechwa, kilo 10 za samadi ya ng'ombe iliyokorogwa majini, na gramu 50 za TSP, mbolea ya fosforasi, zilizolowekwa usiku kucha. Jaza maji sentimita 10 hadi 15, acha yatulie siku moja, kisha sambaza kilo 5 za azola safi. Juu pawe na kivuli chepesi cha makuti kinachopitisha nusu ya jua. Kivuli hiki si pambo. Azola hupenda nyuzi joto 20 hadi 30, na maji yakizidi 35 hudhoofika haraka. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji ya bwawa lisilo na kivuli hupita kiwango hicho kufikia saa nane mchana.

Bwawa likifunga, huvunwa kila wiki na kuachwa theluthi moja. Hapa ndipo watunzaji wengi huharibu: wanaionea huruma azola nzuri iliyojaa, wanaiacha. Tabaka la chini hukosa mwanga, huoza, maji hunuka, ukungu mweusi huingia, na ndani ya siku chache bwawa zima limekwisha. Azola isiyovunwa hufa. Kama hakuna jaruba la kuipokea, wapewe kuku, bata au ng'ombe. Kila wiki bwawa liongezwe gramu 20 za TSP, kila mwezi robo ya maji ibadilishwe na kilo chache za udongo mpya ziingizwe. Kila baada ya miezi sita lisafishwe lote na kuanzwa upya, huku mbegu ikitunzwa katika bwawa la pili. Ndiyo maana tunaomba mabwawa mawili kwa kila skimu, tena yasipakane. Viwavi wakiingia moja, lingine libaki salama.

Kutoka bwawani mpaka ekari ni safari ya hatua. Kilo 20 zilizovunwa husambazwa kwenye kijaruba cha mita 80 za mraba. Baada ya siku 10 hadi 14, kama hali ni nzuri, zimekuwa kilo 80. Hizo nazo huhamishiwa mita 320 za mraba, na baada ya muda kama huo kuna kilo 300 na ushei, kiasi cha kuanzia ekari moja. Kwenye ekari, azola huongezeka maradufu kila siku 5 hadi 7 na huhitaji wiki tatu hadi nne kufunga jaruba. Mtu akihesabu, ataona kwamba maandalizi ya masika lazima yaanze miezi miwili kabla. Na ataona pia kwamba kubeba azola kutoka mbali ni kazi ya hasara, maana ni kubeba maji. Ikibidi kusafirisha mbegu, kwa mfano kutoka Mlingano hadi Mombo, ibebwe kwenye matenga yaliyo wazi, ikiwa mbichi na kivulini. Kwenye mifuko iliyofungwa hupata joto na kuanza kuoza kabla gari halijafika.

Hapo ndipo linapokuja suala la maji, na hapa tunaongea na wenye kupanga zamu za mifereji. Njia bora ya kutumia azola ni kuiotesha kabla ya kupandikiza, ikianza kabla kidogo ya mbegu za mpunga kusiwa kitaluni na kuendelea miche inapokua. Jaruba huwa na maji sentimita 5 hadi 10, azola hufunga, maji hutolewa, pawatila hupita na kuichanganya na tope, na baada ya siku 5 hadi 7 miche hupandikizwa. Lakini ratiba nyingi za skimu hutoa maji ya jaruba siku chache tu kabla ya kuchabanga, yaani kukoroga tope. Kwa ratiba hiyo azola haiwezekani hata kama mbegu ipo. Tunaomba wakulima wa juu ya mfereji, walio karibu na banio linaloingiza maji mferejini, wapewe maji wiki tatu mapema katika eneo dogo la majaribio, wakati mto bado una ziada.

Wakulima wa mwisho wa mfereji, ambao maji huwafikia kwa kubahatisha, tusiwaambie wafuate njia hiyo. Wao watumie njia ya pili isiyodai maji ya ziada: azola husambazwa siku 7 hadi 10 baada ya kupandikiza, mpunga ukiwa umesimama imara. Inapofunga, maji hupunguzwa na kipalizi cha kusukuma kwa mkono hupitishwa kati ya mistari, kuikandamiza azola kwenye tope. Ile inayobaki huota tena na kuchanganywa mara ya pili. Njia hii inadai mambo mawili. Kwanza, mpunga upandwe kwa mistari, kwa sababu kwenye mpunga wa kumwaga au kupandwa ovyo kipalizi hakipiti. Pili, azola isisambazwe kwenye miche mifupi, maana upepo ukivuma utando husukumwa upande mmoja na kuilaza miche. Jambo hili tulikazie: azola inayoelea haijatoa mbolea bado. Naitrojeni imefungwa ndani ya mmea, na mpunga utaipata azola ikizikwa na kuoza. Jaruba lililofunikwa vizuri lakini halikuchanganywa ndilo hutoa wakulima wanaosema walijaribu wasione tofauti.

Makosa mengine yana dalili zinazosomeka. Azola ikigeuka nyekundu, na mizizi ikirefuka na kukatika ovyo, mara nyingi ina njaa ya fosforasi. Jua kali na chumvi pia huipa rangi hiyo, kwa hiyo angalia kivuli na maji kabla ya kuongeza TSP. Kwenye jaruba la kawaida, kilo 4 hadi 5 za TSP kwa ekari, zikigawanywa mara tatu kwa wiki tatu, zinatosha, na hazipotei, kwa kuwa azola ikioza huirudishia udongo fosforasi ile. Fosfeti ghafi ya mwamba kutoka Minjingu hufaa kwenye udongo wenye tindikali, lakini huyeyuka polepole mno kwa bwawa la mbegu. Majani yakiwa yamefumwa kwa nyuzi na kutafunwa, ni viwavi. Toa sehemu iliyoshambuliwa, zamisha iliyobaki majini kwa muda, kisha nyunyiza maji ya mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita moja, kilale usiku, kichujwe. Konokono huokotwa kwa mkono asubuhi. Dawa nyingi za kuua magugu ya mpunga huiua na azola, kwa hiyo mkulima achague dawa au azola. Na urea ikimwagwa nyingi majini juu ya azola, mmea huacha kuhangaikia naitrojeni ya hewani kwa sababu imeshaipata bure. Urea iwekwe maji yakiwa yamepunguzwa, wakati azola imeshazikwa.

Kwa ndugu zetu wa Pangani tunaongeza neno. Maji ya mto karibu na mdomo wake huingiwa na chumvi ya bahari, hasa kiangazi mto unapopungua. Azola haiyawezi. Bwawa la mbegu la huko liwe juu zaidi mtoni au litumie maji ya mvua na kisima kisicho na chumvi, na lipimwe kabla ya kujengwa.

Aina ya azola inayochaguliwa ina uzito kuliko inavyofikiriwa. Afrika ya tropiki ina za kwake, Azolla nilotica na Azolla pinnata ya Kiafrika, na hizo ndizo tunazotaka zikusanywe, zitambuliwe na TARI Mlingano, na kuzalishwa. Asije mtu akaagiza Azolla filiculoides kutoka nje kwa sababu ameona picha inavyostawi. Afrika Kusini iliipokea mwaka 1948 kama pambo la bwawa la samaki huko Colesberg. Ikaenea kwenye mabwawa na mito, ikaziba maji ya mifugo, mpaka mwaka 1997 alipoachiwa mdudu maalumu wa kuila. Sisi wenyewe gugumaji lilionekana katika mito ya Tanga tangu miaka ya 1950, na bado lipo. Mmea wowote wa kutoka nje upite kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na NEMC, baraza la mazingira, washirikishwe tangu mwanzo. Mbegu inayochotwa mtoni hapahapa ioshwe na kukaguliwa tawi kwa tawi isibebe kipande cha gugumaji au salvinia, gugu lingine linaloelea. Isichotwe kamwe kwenye mitaro ya maji machafu ya mji au viwanda, kwa sababu azola hunyonya madini mazito na kuyapeleka kwenye jaruba.

Kuhusu mwani wa kijani-buluu, jamaa wa yule bakteria wa azola, unaoishi peke yake bila azola, tutasema machache. Mwaka 1939 mtafiti P. K. De alionyesha kwamba ndio unaolisha mashamba ya mpunga ya India ambayo hayakuwekwa mbolea. Wahindi huuotesha kwenye trei za bati zenye kilo 10 hivi za udongo na gramu 200 za superfosfeti, chini ya maji machache. Utando ukinenepa huachwa ukauke juani, magamba hukusanywa, na kilo 10 zake humwagwa kwa hekta wiki moja baada ya kupandikiza. Uzuri wake ni kwamba magamba hayo hukaa kwenye mfuko mkavu muda mrefu, jambo ambalo azola haiwezi. Udhaifu wake ni kwamba matokeo hubadilika sana kutoka shamba hadi shamba, na mwani ulioletwa mara nyingi hushindwa na ule wa pale au huliwa na wadudu wa majini. Tunaomba Mlingano waufanyie utafiti kwa mwani wa majaruba yetu wenyewe. Lakini fedha za kwanza ziende kwenye azola.

Tunayoyaomba ni haya. Halmashauri za Korogwe, Muheza na Pangani zitenge, katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao, fedha za mabwawa mawili kwa kila skimu ya mpunga inayofanya kazi, pamoja na posho ya mtunzaji mmoja atakayechaguliwa na chama cha wamwagiliaji. Posho hiyo ndiyo roho ya mpango wote, na ndiyo hukatwa ya kwanza. Baada ya miaka miwili inaweza kubebwa na ada ya maji, lakini mwanzo haiwezi. Ofisi ya Umwagiliaji iandike zamu ya maji ya mapema kwa eneo la majaribio katika ratiba ya msimu, ibandikwe ofisini, isiwe ahadi ya mdomo. TARI Mlingano wawe na bwawa mama la azola ya asili, na wapime udongo wa kila skimu kabla ya kushauri kiasi cha TSP. Maafisa ugani wapewe vipalizi vya kuazimisha, hata vitano kwa kila skimu.

Na majaribio yawe ya kweli. Katika kila skimu yatengwe majaruba ya mbegu moja, SARO 5 kwa mfano, yenye maji na siku za kupandikiza zinazofanana: lenye urea kamili, lenye nusu ya urea pamoja na azola, lenye azola peke yake, na lisilo na kitu. Kila namna irudiwe angalau mara tatu, mpunga upimwe ukiwa na unyevu wa asilimia 14, saa za kazi za mkulima ziandikwe, na shughuli yote iendelee misimu isiyopungua miwili. Azola hudai nguvu kazi, na mkulima ana haki ya kujua kama nusu mfuko aliyookoa inalipa siku alizoinama jarubani. Kama hailipi katika skimu fulani, isemwe hivyo hadharani na fedha zihamishwe.

Vikao vya bajeti vya halmashauri viko mbele yetu. Tunaomba jibu la maandishi kabla havijafungwa, likitaja skimu zitakazoanza, kiasi kilichotengwa kwa kila bwawa, na jina la ofisi itakayowajibika mbegu ikifa.

Wenu,
Wakulima na wataalamu wa udongo wa mpunga, Tanga